Aliyekaza Haweki Alama

Bi Mkubwa alikuwa ameshaingia nyumba ile kabla ya bibi harusi. Ndivyo msusi alivyopenda kuwaambia wateja wake pale saluni, nao waliposhtuka na kutaka kugeuka, aliwashika kichwa, akawarudisha kwenye kioo na kuwaambia watulie, kwa maana mke mwenza huyo ana magurudumu mawili. Ilikuwa pikipiki, tena si hizi za kubebea abiria na magunia. Ilikuwa ndefu, nzito, kiti kimekaa chini, usukani mpana, pikipiki ya mtu anayenyoosha miguu mbele na kwenda zake bila haraka. Mumewe aliinunua ikiwa mkweche, akaiingiza katika chumba cha nyuma kinachopakana na jiko, na humo ndimo alimomalizia jioni zake zote. Wanawake wengine wanahangaishwa na wake wenza walioko nje, msusi alikuwa akisema. Yeye wake yuko ndani, ananuka oili, na hata kumwonea wivu haifai maana hana nywele.

Bwana mwenyewe, waliomjua walimwita Taratibu. Alikuwa fundi wa lifti za majumba marefu, kazi ambayo mwenye pupa hadumu nayo. Kazini kwao ilikuwa sheria kwamba mtu hapandi kitu kilichokazwa na mtu mmoja. Mmoja akaze, mwingine achukue spana akague, na akiridhika achore mstari mwembamba wa rangi kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma ilichokikalia. Siku nati ikitembea, hata kidogo, mstari unakatika na jicho linaona. Na aliyekaza haweki alama. Alama ni ya mkaguzi. Kidole kimoja hakivunji chawa, Taratibu alikuwa akisema, na chawa mwenyewe hajawahi kumwangusha mtu kutoka ghorofani.

Sheria hiyo aliihamishia nyumbani. Yeye alikaza, mkewe akakagua, na rangi ilikuwa ya kucha, nyekundu, kutoka saluni. Msusi ana mikono yenye nguvu. Mtu anayeshinda akivuta nywele za watu tangu asubuhi usimpime kwa unene wa mkono. Alipoona nati inasogea chini ya spana yake alisema neno moja tu, "Bado," na mumewe, badala ya kununa, alifurahi kama aliyeletewa zawadi, akarudia. Mpaka alama ziwekwe, hakuna aliyetoka mle ndani. Mama mkwe, mamake Taratibu, aliyekuwa akiishi nao, aliwangoja jikoni chakula kikipoa, akilalamika kwa sauti ya kupenya ukuta kwamba amezaa mtoto wa kiume lakini ameolewa na chuma. Walipotokeza na vidole vyekundu, alinyamaza na kupakua.

Halafu Taratibu akafa. Homa ya mapafu: mtu ametoka kazini anakohoa, siku chache baadaye watu wanarudi kutoka hospitali na mfuko wa plastiki wenye nguo zake, saa yake na funguo zake. Muuguzi aliukabidhi mfuko kwa mama mzazi, kwa kuwa ndiye aliyenyoosha mkono. Mikono ya msusi wakati huo haikujua kupokea kitu chochote.

Chumba cha nyuma kilibaki kama alivyokiacha. Gurudumu la nyuma limeegemezwa ukutani, tenki limelazwa juu ya gunia, kabureta iko kwenye sahani ya bati, nati na bolti zimepangwa ndani ya vikopo vya mtindi kwa jinsi zilivyotoka. Ovaroli lake lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, magoti yamejikunja vilevile alivyoyakunja yeye, kiasi kwamba ukiingia ghafla unadhani mtu amesimama pale, amekunja goti, anangoja uondoke ili aendelee. Alikuwa akimwandaa Bi Mkubwa kwa safari. Kwa miaka mingi alikuwa ameahidi kwamba akimaliza kuifungua yote na kuifunga upya, watapanda wawili, waende mpaka barabara iishe, walale hukohuko, warudi. Msusi hakuwa mtu wa safari. Ila sasa safari hiyo ilikuwa kitu pekee cha mumewe ambacho hakijaisha, na hakutaka kiishie ndani ya vikopo vya mtindi.

Mwenzake Taratibu kazini, bwana mmoja aliyeitwa Kamba kwa wembamba wake na kwa kamba za lifti alizoshughulika nazo, alikuja akasema kwa heshima zote kwamba anamjua mtu anayenunua vipuri. Msusi alimjibu kwamba mwenye pikipiki bado hajamaliza kazi. Kamba alitazama lile ovaroli nyuma ya mlango, akaaga mapema.

Basi msusi akapiga moyo konde, akaanza mwenyewe. Kila akirudi kutoka saluni alijifungia mle, akafanya kidogo. Aliitoa petroli ya zamani iliyokuwa imeanza kunuka rangi kuukuu, akalitia tenki siki na kiganja cha nati ndogo, akalitikisa mpaka kutu ikatoka na maji ya hudhurungi. Kabureta aliifungua, akaisugua kwa mswaki, akazibua vitundu vyake kwa waya mwembamba. Kazi hiyo haikumpa taabu. Aliyezoea kutenganisha unywele mmoja na mwingine hashindwi na kitundu cha petroli. Upepo ulipopita kwenye bomba za moshi zilizo wazi ulitoa mluzi wa chini, wa kwenye meno, kama ule Taratibu aliokuwa akiupiga akikaza bolti ngumu. Mara ya kwanza alipousikia, alijibu "Abee" kabla hajajua anachofanya.

Alichokuwa hafanyi ni kula. Mama mkwe alipakua chakula, akakiweka mezani, akakifunika, na asubuhi akakuta kimebaki vilevile. Hawakugombana. Wangegombana ingekuwa nafuu. Walikuwa wanawake wawili na maiti mmoja katikati, kila mmoja akiogopa kumwangalia mwenzake asije akaona sura ya yule yule. Walisalimiana asubuhi, wakatakiana usiku mwema, na katikati ya salamu hizo mbili hapakuwa na neno.

Jioni aliyoirudisha kabureta mahali pake, msusi alizikaza bolti zake mbili, akakichukua kichupa cha rangi ya kucha kutoka rafuni, akakifungua, akasita. Nani amekagua? Hakuna aliyekagua. Aliyekaza haweki alama. Alikifunga kichupa, akakirudisha, akafunga mlango kwa ufunguo wake, ufunguo akautia kwenye pochi, na kesho yake akashinda nao saluni.

Aliporudi na kufungua, harufu ilimpokea kabla ya mwanga: harufu kali ya rangi ya kucha, mbichi. Akawasha taa. Kwenye bolti mbili za kabureta palikuwa na mistari miwili myekundu.

Aliangalia dirisha, nondo zilikuwa mahali pake. Aliangalia kufuli, halikuguswa. Aliangalia nyuma ya mlango, na magoti ya ovaroli yalikuwa yamekunjwa kama siku zote, yeye akaona yamekunjwa zaidi. Angeweza kwenda jikoni akauliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yako maswali ambayo mtu hayaulizi kwa sababu jibu litamnyang'anya kitu. Alichukua spana, akazijaribu zile bolti. Zilikuwa zimekaza vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alizikaza vizuri. Akacheka kidogo, peke yake, mkono mdomoni.

"Umekagua?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hukusema bado?"

Usiku ule aliketi mezani, akala sahani nzima. Mama mkwe alimtazama mara moja, akageuza uso, akamwongezea.

Tusimcheke. Mtu akizama hachagui cha kushika, na wengi wetu tumeshashika vitu visivyo na mashiko kuliko mstari wa rangi ya kucha. Tangu siku ile msusi alirudi nyumbani mbio. Alibadilisha oili akafunga bolti ya chini ya injini, na kesho yake bolti ikawa na alama. Alifunga plagi mpya, akafunga vishikio vya tenki, akafunga breki ya mbele, na kila alichokaza leo alikikuta kimetiwa nyekundu kesho. Alianza kuzungumza naye wakati wa kazi, kwanza kwa aibu, kisha kwa mazoea, akimsimulia wateja wa siku ile: aliyekuja na picha ya nywele za mtu mwingine akitaka na sura pia ibadilike, aliyelia chini ya kikaushio bila kusema sababu. Mluzi wa bomba ukimjibu, alinyamaza kuupisha. Alimwambia hata yale ambayo mumewe akiwa hai hakuwahi kuambiwa, kwamba ile siku ya hospitali alitoka nje kununua maji na hakurudi haraka kwa sababu aliogopa kuingia. Akangoja. Kesho yake alama zilikuwepo, nyekundu, zimenyooka. Alizichukua kama msamaha.

Ikafika mahali kazi ikawa inakaribia kuisha, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Bi Mkubwa akikamilika, hapatakuwa na cha kukagua. Siku moja alitoka saluni na chupa ya dawa ya kufutia rangi za kucha mkobani. Alilowesha pamba, akafuta alama za kabureta, akazilegeza bolti, akazikaza upya. Kesho yake zilikuwa na alama. Akafuta za breki. Zikarudi. Kuanzia hapo hakuwa akitengeneza pikipiki tena. Alikuwa akifunga na kufungua, akifuta na kungoja, na akiwa na chupa ya dawa mkononi alijiona mtu mwenye heri. Vidole vyake vilikolea oili mpaka wateja wakaanza kumwangalia mikono kabla ya kukaa kitini.

Kamba, aliyekuwa akipitapita kuwajulia hali, alikuja tena siku ya mapumziko. Alizunguka pikipiki, akaguna. Alimwambia shemeji yake huyo kwamba breki hizi alizikuta zimefungwa mara ya mwisho alipopita, mbona leo ziko chini tena? Msusi akamjibu kwamba kazi ya Taratibu ni taratibu. Kamba hakucheka. Alimsaidia kulinyanyua gurudumu la nyuma, wakaliegemeza kwenye vipande vya mbao, wakalipachika na kupitisha ekseli, ule mtaimbo unaoshika gurudumu zima. Nati ya ekseli ilikuwa kubwa, na spana yake haikuwemo nyumbani. Taratibu aliiacha kwenye sanduku lake kazini. Kamba akaahidi kuileta. Alimwonya waziwazi kwamba nati ile asiiamini mpaka ikazwe na spana yake, kwani ikitoka barabarani gurudumu halingoji mtu ashuke. Msusi akaizungusha kwa vidole tu mpaka ilipogusa chuma, akaiacha.

Jioni iliyofuata alikuta nati ya ekseli imetiwa alama.

Alipiga magoti mbele yake. Siku zote mkono ule ulikuwa ukikagua; leo, ndivyo alivyojiambia, ulikuwa umekaza. Spana haipo, yeye amezungusha kwa vidole, na mume wake, aliyekuwa hawezi kuona kazi ya nusu akalala, amekuja akaimaliza mwenyewe, kwa njia wanazozijua wao waliokwenda. Hakuigusa. Utagusaje kitu kama hicho? Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono akajipaka oili shavuni. Alielewa anaambiwa nini. Anaambiwa basi, imetosha kufungua na kufunga, sasa twende.

Asubuhi ya siku ya mapumziko iliyofuata aliamka mapema, akavaa suruali na koti la mumewe, akafunga kitambaa kichwani. Alimwambia mama mkwe kwamba anakwenda matembezi na huenda akalala huko. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko akiwa ameshika mwiko, akafungua mdomo, akaufunga, mwisho akasema tu kwamba aende salama.

Bi Mkubwa alitolewa uani kwa kusukumwa, kidogokidogo, msusi akihema. Akatia petroli mpya. Akavuta choki ya kuongezea petroli, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akabonyeza tena, na safari hii ilishika, ikanguruma kwa ile sauti nzito ya pole iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini kila Taratibu alipoijaribu. Mama mkwe alishika fremu ya mlango. Ndege waliruka kutoka kwenye paa la jirani, na msusi akasimama katikati ya moshi akitabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake.

Akapanda. Kiti kilikuwa na bonde la mtu aliyekikalia kwa miaka, na bonde hilo lilimpwaya. Alikuwa ameshashika klachi alipokumbuka kwamba hajasalimia. Taratibu hakuwahi kutoka na kitu bila kukizunguka na kugusa alama zote kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine, kimya. Hilo ndilo aliloliita kusalimia. Msusi akashuka, injini ikiunguruma, akaanza mbele: breki, salama, usukani, salama, tenki, kabureta, plagi. Akafika nyuma, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye nati ya ekseli.

Nati ikazunguka.

Ilizunguka kirahisi, kama kifuniko cha chupa, na mstari mwekundu ukakatika vipande viwili, kimoja kikabaki kwenye chuma na kingine kikaenda na nati. Alitoa kidole kama aliyeungua. Akakirudisha. Ikazunguka tena.

Alizima injini. Uani kukawa kimya kiasi cha kusikia chuma kikipoa, tik, tik, tik. Hakufikiria kwanza kwamba angekufa, ingawa angekufa, penye kona ya kwanza au ya pili. Alichofikiria kilikuwa kibaya zaidi. Taratibu asingeweka alama juu ya nati iliyolegea. Akiwa hai asingeweka, akiwa mgonjwa asingeweka, na kama wafu wanarudi, basi asingerudi kutoka huko kuja kufanya kazi ya hovyo. Kwa hiyo hakuwa yeye. Si kwenye ekseli tu. Hakuwa yeye kwenye breki, hakuwa yeye kwenye kabureta, hakuwa yeye siku ile aliposimulia habari ya maji ya hospitali na kungoja. Alikuwa amekufa tangu siku aliyokufa. Msusi aliketi chini kwenye saruji, akiwa na koti la mtu huyo mwilini, na hapo ndipo alipofiwa.

"Nani ameweka hii?" aliuliza, bila kuinua uso.

Mama mkwe alikuwa amekuja mpaka nyuma yake. Mwiko bado alikuwa nao.

"Ni mimi, mwanangu."

"Hii?"

"Zote."

Akaingiza mkono katika mfuko wa gauni lake, akatoa funguo za Taratibu, zile za kwenye mfuko wa hospitali. Ufunguo wa chumba cha nyuma ulikuwemo. Vidole vyake vilipotanuka, msusi aliona pembeni ya kucha ya kidole gumba doa jekundu dogo sana ambalo alikuwa akikaa nalo mezani kila usiku bila kuliona.

"Ungeniua, Mama," alisema. Hakupaza sauti, na kwa hiyo maneno yalikuwa makali zaidi. "Alama maana yake nati imekaguliwa. Imekaza. Mtu aipande. Ungeniua."

Mama mkwe aliuhamisha mwiko kutoka mkono mmoja kwenda wa pili.

"Mimi sijui nati," alisema. "Mimi najua chakula. Mlikuwa mkitoka mle na vidole vyekundu, mnakula. Siku zote. Alipofariki ukawa huli. Nimeshamzika mmoja, na wewe nikawa nakuona unakwisha mbele ya macho yangu, nami sina neno la kukwambia. Siku moja nikaingia tu kukaa na vitu vyake, nikaona zile bolti mpya hazina nyekundu. Nikasema, labda zikiwa na nyekundu atakula." Akameza mate. "Na ulikula."

"Nilidhani ni yeye."

"Najua. Nilikusikia ukutani unaongea naye. Nikataka kukwambia, kisha nikakusikia unacheka. Ningeanzia wapi?" Alijishusha taratibu, akilishika goti lake bovu, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akaweka mwiko mapajani. "Na mimi pia, nikichukua kile kichupa, nikishachora mbili tatu, nilikuwa nasahau kwamba mkono ni wangu."

Msusi alitaka kumkasirikia, na kwa muda alimkasirikia kwelikweli, hasira ya kumtetemesha meno, kwa sababu ameibiwa mume mara ya pili na safari hii mwizi yuko mbele yake amevaa kilemba cha nyumbani. Kisha akaona jinsi yule mama alivyokuwa akiiangalia ile nati iliyokatika mstari, kama mtu aliyeshika kisu usiku akidhani ni mwiko, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Alisogea kwa matako mpaka kwenye ngazi, akaegemeza kichwa kwenye goti bovu la mama mkwe wake. Walilia pamoja, kwa sauti, mchana kweupe, bila kujali majirani. Tangu msiba kila mmoja alikuwa akilia chumbani kwake.

Kamba alifika alasiri na spana kubwa imefungwa kwenye gazeti. Aliwakuta wote wawili uani wameketi juu ya gunia, Bi Mkubwa yuko kwenye mbao zake, na msusi ameshika pamba na dawa anafuta alama zote, za mbele na za nyuma. Akaeleza tu kwamba wanaanza upya. Kamba aliwatazama, akaona macho yao yalivyovimba, akaacha spana na hakuuliza lolote. Huyo naye ana akili zake.

Waliirudisha pikipiki chumbani, wakafanya nati kwa nati. Msusi alikaza, kisha akamwekea mama mkwe spana mkononi, akamwonyesha pa kushika, mwishoni kabisa mwa mpini ili urefu umsaidie, akamwambia asukume kwa uzito wa mwili, na kwamba kama kitu kinasogea aseme. Za juu zilikwenda vizuri. Walipofika kwenye ekseli, mama mkwe, ambaye kwa kuchora tu aliinama, sasa alihitaji kupiga magoti ili asukume, na kwenye saruji tupu hakuweza. Msusi alitazama huku na huku, akaenda nyuma ya mlango, akalishusha ovaroli kutoka kwenye msumari. Alilishika kidogo. Kisha akalikunja mara nne, akalitandika chini.

Mama mkwe alipiga magoti juu ya nguo ya mwanawe. Alishika mpini kwa mikono miwili, akaegemea, akaguna. Msusi alikuwa ameikaza ile nati kwa nguvu zake zote na alikuwa na hakika nayo. Tayari alikuwa ameshafungua kichupa. Mpini ukatembea, kiasi cha upana wa ukucha.

"Bado," mama mkwe akasema.

Msusi alisimama na kichupa mkononi. Akakiweka kichupa chini, akachukua spana, akakaza tena mpaka mabega yakamuuma. Mama mkwe akaegemea, akaegemea tena, na safari hii nati ilikataa. Ndipo akachukua kijiburashi, akachora. Mikono ilikuwa imechoka kwa kusukuma, na mstari ukatoka umepinda. Aliuangalia kwa kuutilia shaka, akauliza kama uliopinda unafaa. Akaambiwa unafaa.

Alisaidiwa kusimama, akaenda jikoni akijifuta vidole vyekundu kwenye gauni. Msusi akabaki kuokota vitu. Aliliinua ovaroli kutoka sakafuni, akalikunjua. Yale magoti yaliyokuwa yamekunjwa nyuma ya mlango yalikuwa yamelala, yamebanwa na magoti mengine. Nje hapakuwa na upepo.

"Taratibu," aliita kwa sauti ndogo, kwa kujaribu tu.

Alisikiliza. Kulikuwa na harufu ya oili na ya rangi ya kucha, na pikipiki nzima, na msumari mtupu nyuma ya mlango.

"Mwanangu," iliita sauti kutoka jikoni, "kinapoa."

Akazima taa, akaenda kula.